Yowe Lisilo na Jina

Aliyefika wa kwanza alikuwa Mama Nyamburi, jirani yetu, ameshika mchi. Nyuma yake wakaja wanaume wa upande wa mtoni na mikuki, pinde na marungu. Mmoja wao, Renatus, alikuwa na povu la sabuni kichwani, katoka bafuni hivyo hivyo, taulo kiunoni na upinde mkononi. Walipanda mwamba ulio nyuma ya nyumba yetu wakihema, wakatukuta mimi na kaka yangu Burito tumekaa juu yake, redio kaseti katikati yetu.

"Wamepita wapi?" Mama Nyamburi akauliza.

"Kina nani?" Burito akasema.

"Si wezi! Ng'ombe wa nani wamechukuliwa?"

Redio ilikuwa bado inaunguruma. Mtu ndani yake alikuwa akibweka na kukoroma kama dume lililokwama kwenye tope, na ngoma nyuma yake zilikwenda mbio kuliko mkono wa mtu unavyoweza kupiga. Watu wote wakageuka kuitazama. Burito akabonyeza kitufe. Kimya kilipoingia ndipo tukasikia jambo baya zaidi: kwenye kilima cha pili, na kingine nyuma yake, watu walikuwa wanapiga yowe.

Kwetu Butiama yowe halikai mahali pamoja. Mji, yaani boma la mtu, unaolisikia unalipokea na kulipeleka mbele, na kila mwenye nguvu anashika alichonacho na kukimbilia lilikotoka. Mwamba wetu ulikuwa umeirusha sauti ya redio hadi ng'ambo ya bonde, wenzetu wakadhani ni mtu anachinjwa, wakaipokea. Sasa ilikuwa imekwisha kufika barabarani, na hapakuwa na namna ya kuirudisha.

Watu wakaendelea kuja. Kila aliyefika aliuliza swali lile lile, na kila mara mtu mwingine alimwonyesha redio kwa kidevu. Renatus alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akajifuta povu. Wa mwisho alikuwa Mzee Eliasi, ambaye miguu yake ni mibovu na hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki nyumbani. Alikuwa ameanguka njiani. Goti lilikuwa linavuja damu, na mkuki wake alikuwa ameugeuza fimbo ya kutembelea.

"Nimechelewa?" aliuliza.

Nilivua kanga yangu ya begani nikaifunika redio, kama unavyomfunika mtoto aliyeonekana uchi mbele ya wageni. Lile goti sikuweza kulitazama.

Burito alikuwa akifanya kazi Musoma, kwenye kibanda cha kurekodi kanda cha mtu anayeitwa Alfonce, pale Mwigobero, karibu na wanaposhushia dagaa. Tulipokuwa wadogo, miaka ile ya foleni, betri zilikuwa hazipatikani. Baba alizianika juani pamoja na mtama ili jioni zimpe taarifa ya habari, na zikimaliza nguvu katikati ya habari alibaki amekaa pale pale, sikio limeelekea redio, kama mtu aliyekatishwa na mgeni asiye na adabu. Sasa mambo yalikuwa yamefunguliwa. Maduka ya Musoma yalijaa redio za spika mbili, kanda tupu zikiwa bado ndani ya nailoni, na mitumba mpaka ya makoti ya baridi ambayo hakuna aliyejua ayavae wapi. Alfonce alikuwa na deki ya kuhamishia nyimbo kutoka kanda moja hadi nyingine, na kazi ya Burito ilikuwa hiyo: rumba, taarabu, zouk, kwaya. Mteja asiye na hela ya kanda mpya alileta ya zamani, na Burito aliziba vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi upya kwa karatasi iliyotafunwa, akarekodi juu yake.

Lakini roho yake haikuwa kwenye rumba. Kulikuwa na Mswidi mmoja, mwalimu wa useremala kwenye chuo, aliyeitwa Mwalimu Yorani. Mpwa wake huko kwao alikuwa na kundi la muziki, na alimtumia mjomba wake kanda kwa posta: za kundi lake, za marafiki zake, hata za makundi ya nchi nyingine waliyobadilishana nayo. Kanda zile hata huko hazikuuzwa madukani. Vijana walirekodi wenyewe kwenye vyumba vya chini ya nyumba, wakatoa fotokopi ya jalada, wakatumiana. Mwalimu Yorani hakuwahi kuisikiliza hata moja mpaka mwisho. Alimpa Burito.

"Anasemaga ni makelele," Burito aliniambia, anacheka. "Na huyo mpwa wake, huyo huyo anayeunguruma, akiona sindano anazimia! Anaishi kwa mama yake, yuko shule, hata ndevu hazijaota. Hebu isikilize hiyo sauti, dada. Mtoto wa shule huyo."

Wateja wake walikuwa wachache lakini waaminifu. Wengi walikuwa vijana wa karabai, wanaovua dagaa usiku, waliosema muziki ule ndio pekee usiowaacha wasinzie ziwani. Kulikuwa na mchinja nyama mmoja pia. Kifurushi kikifika, Burito aliandika kwa chaki mlangoni, MPYA ZIMEFIKA, na vijana wale walikuja kabla hawajaosha miguu. Alizichambua kanda zile kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. "Hii ngoma yake imetoka vizuri," angesema. "Ile iliyopita gitaa lilikuwa linazama. Na hawa wengine, wimbo wao unaisha hujakaa kwenye kiti. Wanaanza, wamemaliza, wanaanza mwingine. Wana haraka kama watu wanaoanua nguo mvua ikija."

Mimi muziki ule sikuupenda, ila nilipenda uso wake akiusikiliza. Nafundisha shule ya msingi Bunda, napanga chumba Nyasura, na sauti yangu darasani haifiki dawati la tatu. Mwalimu mkuu aliwahi kuniuliza mbele ya wenzangu, "Mwalimu Skolastika, unafundisha au unaungama?" Nimesomea kazi hii chuoni, nikafaulu vizuri, na bado nikisimama mbele ya watu nanong'ona. Burito alipokuja nyumbani likizo ile ya Juni na kanda mpya ya kundi la yule mpwa na betri mpya, akapanda mwambani kwa sababu eti sauti inatoka vizuri zaidi juu ya jiwe, nilisema, "Kaka, labda punguza kidogo." Hakusikia. Sikurudia.

Alikuwa na shida yake kwangu. Ndani ya jalada kulikuwa na karatasi ya maneno ya nyimbo, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama siafu. Jina la kundi liliandikwa kama mizizi ya mti uliong'olewa, na hakuna mtu Mwigobero aliyeweza kulisoma. Burito alitaka niyatafsiri maneno ili ayaandike kwenye majalada yake, maana vijana wa karabai walikuwa wameanza kuuliza watu wale wanasema nini.

"Mimi naona wanajigamba," alisema. "Kama wapiga litungu wetu. Wanajisifu, wanawatukana wa kundi la pili."

Nilikuwa nimeisoma karatasi ile asubuhi ya siku ile ya mwamba, kamusi pembeni. Hawakuwa wanajigamba. Nilimwambia sijamaliza.

Ritongo, yaani baraza la wazee, liliitishwa siku ya pili yake, kwenye uwanja ulio kando ya josho la ng'ombe.

Kupiga yowe la uongo ni kosa kubwa kwetu, na adhabu yake ni kutolewa kwenye yowe. Mji uliotolewa ukilia, watu wanasikia, wanakaa. Tuliwahi kuona. Mji wa Makongoro, ule wa juu, ulitolewa nikiwa bado shule ya msingi kwa sababu mtoto wao mkubwa alipiga yowe akiwa amelewa, akicheka. Baadaye wezi walikuja kwao kweli. Wote tulimsikia mama yao akilia. Baba yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ameshika viatu mkononi, na hakuvivaa. Kulipokucha zizi la Makongoro lilikuwa tupu, na familia ile ikahama, na mpaka leo baba hapiti njia inayopita pale.

Sasa ilikuwa zamu yetu. Mimi niko Bunda, Burito yuko Musoma. Nyumbani wanabaki baba na mama tu, na ng'ombe wachache waliobaki baada ya kunisomesha. Tungetolewa, wezi wangejua kabla ya Jumapili.

Baba yangu, Mzee Wanzagi, ni katekista. Padri haji kigango chetu kila wiki, kwa hiyo Jumapili nyingi baba ndiye anayesimama mbele na kuongoza ibada, na sauti yake inafika barabarani. Ni mtu asiyeweza kusema uongo, na hilo lilikuwa kama ugonjwa. Akipeleka ng'ombe mnadani, mnunuzi akiuliza kama ana kasoro, baba anazitaja zote, na nyingine mnunuzi asingeziona maisha yake yote. Mama alikuwa akimfuata nyuma ili amkanyage mguu.

Asubuhi ile hakutugombeza. Alivaa koti lake, akasema, "Twendeni," akatangulia.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Bernado. Alieleza jambo kwa ufupi: yowe la kweli linataja jina, la mwenye mji au la mahali, ili watu wajue wakimbilie wapi. Sauti isiyo na jina ni kelele, na kelele haina kesi. Kwa hiyo swali lilikuwa moja. Yule mtu wa kwenye redio alitaja jina?

"Alitaja," Renatus alisema. Leo alikuwa mkavu, na shati safi. "Nilisikia kwa masikio haya. 'Kwa Wanzagi! Kwa Wanzagi!'"

"Ulikuwa na sabuni masikioni," mtu akasema.

"Aliniita mimi," Mama Nyamburi akasema. "'Nyamburi, njoo!' Ndiyo maana nikatangulia. Mtu hanitaji bure."

"Mimi nilisikia Butuguri," mzee mwingine akasema.

"Wewe kila kitu unasikiaga Butuguri! Si ndiko alikokimbilia mkeo?"

Watu wakacheka, hata yule mzee mwenyewe. Bernado hakucheka. Alingoja, kisha akamwita Burito.

"Anasema nini mtu huyo?"

"Sijui, mzee. Ni Kiingereza."

"Unauza maneno usiyoyajua?"

Burito akatazama chini. "Nauza muziki, mzee."

"Mwalimu anajua," Renatus akasema. "Si amesomeshwa? Asome hapa, tusikie kama mimi ni mwongo."

Macho yote yakanijia. Nilisimama, nikaikunjua karatasi, na karatasi yenyewe ikapiga kelele kuliko mimi. Nilipofungua kinywa watu wa nyuma wakapaza: "Sauti!" Nikajaribu tena. "Anaongea na nani?" mtu akauliza. Jasho lilinitoka mgongoni, kwenye gauni langu zuri la kazini.

"Wanzagi," Bernado akasema, "simama karibu na binti yako. Akisema, wewe paza kwa lugha yetu wote tusikie. Na useme kama ilivyo, usipunguze."

"Sijawahi kupunguza," baba akasema. Ilikuwa kweli, na watu wakaguna kukubali.

Alikuja akainamisha sikio karibu na mdomo wangu. Alinukia sabuni ya mche na moshi wa jikoni.

"Baba," nikamnong'oneza, "maneno yenyewe ni mabaya."

"Ni matusi?"

"Si matusi. Ni ya maiti."

Akafikiri. "Kuna jina la mtu humo?"

"Hakuna."

"Basi lazima wayasikie yote, ndiyo wajue hakuna. Sema."

Nikasema. Nilitoa Kiingereza kwenye karatasi nikakigeuza Kiswahili sikioni mwake, na yeye akakigeuza Kizanaki na kukipaza kwa sauti ile ile anayosemea "Tuombe" kila Jumapili.

"Niliwakuta wamelala kwa foleni kwenye tope," baba akasema.

"Ngozi imeachana na nyama kama gome la mti mbichi.

"Matumbo yamevimba, jua linayapasua."

Kina mama wakaziba midomo kwa kanga. Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akaacha kama aliyekumbuka yuko wapi. Mstari uliofuata niliuruka. Nilidhani baba hajui Kiingereza, hataona. Lakini alikuwa akifuata kidole changu.

"Umeruka," alisema polepole.

"Baba, huo hapana."

"Umeruka mstari, mwanangu. Watasema ndimo jina lilimo."

Nikamwambia. Baba akafumba macho. Mshipa wa shingo ukamsimama.

"Funza wamekaa mahali pa ulimi," akapaza. "Wao ndio wanaosema sasa."

Nilimwona Burito. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa josho, na kila mstari ulipotoka kinywani mwa baba, kichwa chake kilishuka kidogo, kama mtu anayemiminiwa maji. Kanda ile alikuwa ameisikiliza labda kuliko mtu yeyote Tanzania nzima, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia. Nami ndiye niliyemsikilizisha, mbele ya kijiji, kwa kinywa cha baba yetu.

"Nani aliyewahesabu?" baba akamaliza. "Hakuna aliyewahesabu. Mvua ndiyo iliyowazika."

Ng'ombe mmoja alikohoa upande wa josho.

"Yamekwisha?" Bernado akauliza.

"Yamekwisha."

"Na jina halimo."

"Halimo."

Nikadhani tumepona. Nilikuwa tayari ninaikunja karatasi Mzee Eliasi aliposimama, goti lake limefungwa kitambaa. Kila mtu pale alijua habari za Eliasi. Mwanaye Danford alikwenda vita ya Kagera na hakurudi, wala mwili wake haukurudi. Wenzake waliorudi walipita nyumbani kwake, wakala, wakamwambia tu kwamba walimwacha kwenye tope, ng'ambo, wakati wa mvua. Hapakuwa na kaburi la kumwonyesha.

"Nataka kuuliza," alisema. "Huyo kijana alikuwa vita gani?"

Hakuna aliyeelewa.

"Huyo anayelia kwenye redio. Mambo kama hayo mtu hayatungi. Mimi walinieleza hivyo hivyo, tope na mvua. Jana nilipomsikia nilikuwa nakamua. Nikasema, huyu hajaibiwa, huyu ameona maiti. Nikakimbia. Nyinyi mnacheka, mnasema tumekimbilia redio. Mimi sikukosea." Aligeuka kwa baba. "Wanzagi, muulize binti. Alikuwa vita gani?"

Baba akainama tena. Sikio lake lilikuwa karibu sana, na nywele zake pale zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na sikuwahi kuziona kwa karibu namna ile.

Nilimwambia ukweli, kwa sababu ni yeye na kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusema naye. "Hakwenda vita yoyote, baba. Ni mwanafunzi. Anaishi kwa mama yake. Wanayatunga tu. Wanayafurahia."

Lile neno la mwisho ningeweza kuliacha.

Baba alibaki ameinama kama anayengoja niendelee. Kisha akajinyoosha. Alimtazama Mzee Eliasi, na kitambaa kilichofungwa gotini, na mkuki ambao mzee alikuja nao hata barazani ili aegemee. Watu walingoja.

"Binti yangu anasema," baba akapaza, "karatasi haikutaja ni vita gani."

Niliinamisha uso. Nilisikia viatu vya Burito vikisogea kwenye kokoto, nikajua naye ameinua kichwa. Katika uwanja ule wote, mimi na yeye tu ndio tuliojua baba amepunguza nini.

Eliasi akatikisa kichwa taratibu, ameridhika. "Hawatajagi," alisema. "Hata Danford akiandika barua hakutajaga mahali alipokuwa. Mwalimu, ukiwaandikia mwambie huyo kijana pole. Mwambie huku tumemsikia."

"Ndiyo, mzee," nikasema. Safari hii watu wote walinisikia.

Bernado alinong'onezana na wenzake, akatoa uamuzi. Yowe halikuwa na jina. Mtu alikuwa analia msiba wake mbali, sauti ikapotea njia. Mji wa Wanzagi unabaki ndani ya yowe. Mashine isipande tena mwambani. Watu wakaanza kutawanyika, na Renatus akampiga Burito begani: "Kanda nyingine ikija tuambie mapema, nioge kwanza."

Burito alijaribu kucheka.

Njiani baba alitangulia tena. Mimi na Burito tulibaki nyuma.

"Ulishajua," Burito akasema.

"Nilijua jana asubuhi."

"Ukaniacha nikae pale juu ya jiwe nikitingisha kichwa."

"Ulikuwa umefurahi, kaka."

"Na zile nyingine? Zote ni hivyo?"

"Sijazisoma."

"Usizisome." Aliteleza kwenye jiwe, akasimama sawa. "Vijana wa karabai watauliza. Nitawaambia wanajigamba." Baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Sasa nikisikiliza nitamsikia baba."

Nilikimbia kidogo nikamfikia baba kabla ya nyumba. Nilitaka kumshukuru. Nilitaka kumwambia kwamba hata padri asingesema tofauti, kwamba mama sasa atalala. "Baba," nikasema, "umetu—"

"Nyamaza, mwanangu," alisema, si kwa ukali. Akaingia zizini kwa ng'ombe, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Burito alirudi Musoma kesho yake. Mimi nilibaki mpaka Jumapili.

Padri hakuwa anakuja. Baba aliamka mapema kama kawaida, akaenda kufungua madirisha ya kanisa, akafagia mavi ya mbuzi mlangoni, akapanga mabenchi. Watu walipojaa, alikichukua kitabu cha ibada mezani, akaenda nacho kwa Dafroza, mama anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza.

"Ongoza leo," akamwambia.

"Mimi? Unaumwa, mwalimu?"

"Siumwi."

"Basi kwa nini?"

"Ongoza tu, Dafroza."

Akapita katikati ya watu, wote wakimtazama, akaenda kukaa benchi la mwisho, pale wanapokaa wanaochelewa na wanaume wasiopokea sakramenti kwa sababu zao. Hakuwahi kukaa pale. Hakujua hata aweke wapi magoti yake. Benchi lile ni jembamba. Mama alinitazama kuniuliza, nami nikajifanya natafuta wimbo.

Dafroza alisoma kwa kusitasita, akipotea na kujirudi. Ilipofika nafasi ya watu kutoa maombi yao, mmoja aliombea mvua, mwingine binti aliyekaribia kujifungua. Kisha nikasikia mtu anasimama kwa shida nyuma yangu.

"Tumwombee kijana mmoja wa ng'ambo," Mzee Eliasi alisema. "Jina lake sijui. Aliona vita, na wenzake hawakuzikwa. Mungu ampe usingizi. Na Danford wangu pia."

Kanisa zima likaitikia. Niliitikia pamoja nao, kwa mtoto wa shule anayezimia akiona sindano, na uso wangu ulikuwa wa moto kana kwamba nimeusogeza kwenye jiko. Kisha niligeuka, ingawa si adabu kugeuka.

Mzee Eliasi alikuwa amekwisha kaa. Alikuwa amelichagua benchi la mwisho, na baba alikuwa amesogea ukutani kumpa nafasi. Mzee akanyoosha mkono, akaushika mkono wa baba uliokuwa juu ya paja, akaubana kama unavyombana mkono mtu aliyekusemea barazani siku uliposhindwa kusema. Alikuwa akitabasamu kidogo.

Baba hakuuondoa mkono. Aliuacha mle, umelegea, kama kitu alichoazimwa, mpaka maombi yalipokwisha.